Nambari Moja ya Siri kwa Zamu Nzima: Anayeumia ni Mfanyakazi wa Chini

Kutoka vituo vya kupokelea maziwa vya Njoro na Molo hadi mikahawa ya Kisumu na zahanati za Siaya, hapa Kenya daftari la kazi limehamia kwenye tableti. Karani anapima maziwa ya mkulima, anabonyeza, kilo zinaingia. Mhudumu anaandika oda akiwa bado amesimama mezani. Muuguzi anafungua faili ya mama mjamzito bila kwenda kuisaka kwenye rafu. Mabadiliko haya yana manufaa na sioni sababu ya kuyarudisha nyuma. Tatizo ni kwamba tableti moja hushikwa na watu watano au sita kwa siku, na mahali pengi wote huifungua kwa nambari ile ile ya siri: 1234, au mwaka biashara ilipofunguliwa, au tarakimu nne za mwisho za simu ya meneja.

Suala hili likizungumzwa, huzungumzwa kama suala la wezi. Tunaambiwa tuichunge tableti isiibwe na data isivuje. Ni kweli, lakini hilo linakuja la pili. Wa kwanza kuumizwa na nambari inayojulikana na kila mtu ni mfanyakazi wa ngazi ya chini, yule ambaye siku hesabu zikikataa hatakuwa na namna ya kuonyesha kwamba si yeye. Nambari ya siri ya mtu binafsi ni ushahidi wake. Mwajiri asiyewapa wafanyakazi nambari zao amewavua kinga, kisha anawadai maelezo.

Tazama mkahawa wa kawaida wenye mfumo wa mauzo kwenye tableti. Mhudumu anaruhusiwa kufungua bili na kuongeza vyakula, lakini kufuta bili kunahitaji nambari ya meneja. Utaratibu huo ni mzuri. Kisha Ijumaa moja usiku watu wamejaa, meneja yuko njiani, mteja amebadilisha samaki wa kukaanga kuwa wa nazi, na bili haiwezi kurekebishwa. Meneja anapigiwa simu, anataja nambari yake kwa sauti, mhudumu anairudia ili asikosee, na waliosimama karibu na kaunta wanaisikia. Kuanzia usiku huo nambari hiyo ni ya wote. Mwezi unaofuata kuna bili iliyolipwa taslimu, ikafutwa saa nne kasoro usiku, na kumbukumbu za mfumo zinasema aliyefuta ni meneja. Meneja hakuwepo. Stoo inaonyesha samaki wametoka, droo haina pesa. Atakayekatwa mshahara ni nani? Katika mazoea yetu ni aliyekuwa zamu, na wakiwa watatu, watagawana hasara.

Mazoea hayo hayana mguu wa kusimamia kisheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu makato kwa mali iliyopotea iwapo mfanyakazi aliisababisha kwa makusudi, na kwa upungufu wa fedha iwapo ulitokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa fedha. Hakuna mahali inaposema hasara igawanywe kwa waliokuwepo. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu, na cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu. Sasa mwajiri atathibitisha nini ikiwa watu sita waliingia kwa nambari moja? Hati yake ya ushahidi inasema "Meneja", au "Kaunta 1". Kwa hiyo wenye biashara nao wafungue macho: aliyeiba kweli anaweza kuondoka na fidia kwa sababu ofisi haikuweza kuonyesha kwamba ni yeye.

Nchi hii ilishaona swali hili katika ngazi ya juu kabisa. Baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, ilivuja barua ya mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, wa wakati huo, Wafula Chebukati, kwa afisa mkuu mtendaji wake, akitaka kuelezwa jinsi akaunti iliyofunguliwa kwa jina lake ilivyotumika maelfu ya mara kwenye mfumo bila yeye kujua. Sitaki kurudia siasa za mwaka ule, ambazo Kisumu inazikumbuka kwa uchungu. Nachukua kiini cha malalamiko tu: jina la mtu liko kwenye kumbukumbu, mwenye jina anasema si yeye. Ikiwa hilo linaweza kumfika mwenyekiti wa tume, karani wa maziwa ana ulinzi gani?

Lakini kabla ya kuwalaumu wafanyakazi, ni lazima tuulize kwa nini wanapeana nambari. Jibu linalotolewa haraka ni uzembe. Mimi sikubaliani nalo. Nenda kituo cha maziwa saa kumi na mbili asubuhi uone. Pikipiki zimepanga foleni na mitungi, lori linasubiri, maziwa yanataka kupozwa kabla hayajaharibika. Tableti iko ndani ya kifuko cha plastiki, kioo kina matone ya maziwa, vidole vimelowa na kioo hakivisomi vizuri. Makarani wawili wanapokezana: mmoja akipima uzito, mwenzake anapima ubora. Ikiwa kubadilisha mtumiaji kunachukua dakika nzima, yaani kutoka kwenye programu, kusubiri ifunguke upya, kuandika jina, kuandika nywila yenye herufi kubwa na ndogo, hakuna karani duniani atakayefanya hivyo kila anapopokea kifaa. Ataendelea kwenye akaunti iliyo wazi. Na atakuwa na haki, maana kazi aliyoajiriwa ni kupokea maziwa.

Wala si kwamba watu wetu hawajui maana ya nambari ya siri. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, bibi wa Nyakach asiyejua kusoma vizuri anajua kugeuka na kufunika simu anapobonyeza PIN. Hakuna anayeiandika ukutani. Ila ile ya tableti ya kazini utaikuta imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe wa karatasi nyuma ya kifaa, kwa mwandiko wa msimamizi mwenyewe. Tofauti iko kwenye umiliki. Nambari ya M-Pesa ni yangu, inalinda pesa zangu, niliichagua mimi na naweza kuibadilisha. Ya tableti ilitoka juu, ni ya kifaa, na hainilindi chochote. Ukitaka mtu aitunze, ifanye yake.

Hapo ndipo kuna kosa la kiufundi ambalo nimeliona likirudiwa na watu wazuri wenye nia njema. Wanachanganya kufuli mbili. Kufuli ya kwanza ni ya kifaa, ile skrini inayokuja ukiwasha tableti. Ya pili ni ya programu ya kazi. Ya kwanza inaweza kuwa ya pamoja bila madhara makubwa, mradi tableti imefungiwa kwenye programu moja tu, yaani mtu hawezi kutoka humo akaingia kwenye picha, barua pepe au mipangilio. Ya pili haipaswi kamwe kuwa ya pamoja. Kila anayegusa programu awe na nambari yake fupi, na jina lake libaki kwenye kila kilo, kila bili, kila dozi aliyoandika.

Kuna wanaopendekeza kila mfanyakazi afunguliwe eneo lake kwenye tableti yenyewe. Android, mfumo unaoendesha tableti nyingi, imeruhusu watumiaji wengi kwenye tableti tangu toleo la 4.2 mwaka 2012. Kwa wawili au watatu ofisini inafaa. Kwa tableti za bei nafuu zinazotumika mashambani, kila eneo linakula nafasi na kubadilisha mtumiaji kunakuwa kwa kujikokota, na kifaa kikizidiwa watu wanarudi kwenye akaunti moja. iPad nayo ina mpango wa matumizi ya pamoja, ulioanzia shuleni mwaka 2016, lakini unahitaji taasisi iwe na mfumo wa kusimamia vifaa kwa mbali, gharama ambayo mkahawa mdogo hauwezi kuibeba. Kwa biashara nyingi za huku, programu moja iliyofungiwa na nambari fupi ya kila mtu ndani yake ndiyo njia inayofanya kazi. Kigezo changu ni hiki: kubadilisha mtumiaji kusizidi sekunde tano. Orodha ya majina ya zamu inatokea, unagusa lako, unabonyeza tarakimu, unaingia. Muuzaji wa programu akikuonyesha mfumo wake, usimwulize kwanza kuhusu ripoti na rangi za chati. Mpe mtu mwingine tableti mbele yako, umwambie aingie kwa jina lake, uhesabu.

Tarakimu ngapi? Nne zinatoa michanganyiko 10,000, sita zinatoa milioni moja. Kwenye karatasi tofauti ni kubwa, lakini watu hawachagui kwa bahati nasibu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 wa nambari milioni 3.4 za tarakimu nne zilizokuwa zimevuja ulionyesha kwamba karibu asilimia 11 zilikuwa 1234, na kwamba 20 zinazopendwa zaidi zilitosha kufungua zaidi ya robo ya zote. Kwa hiyo mfumo ukatae 1234, 0000, 1212 na miaka ya kuzaliwa, mapema, mtu anapochagua. Halafu kuna alama za vidole zinazobaki kwenye kioo. Kwenye kituo cha maziwa au jikoni, kioo kinachofutwa mara chache huonyesha vitufe vilivyoguswa zaidi, na anayezijua tarakimu nne tofauti bila mpangilio wake anabakiwa na majaribio 24 tu. Ndiyo maana majaribio lazima yawekewe kikomo. Na mchoro wa nukta tisa, ule unaochorwa kwa kidole badala ya nambari, ni dhaifu zaidi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha mwaka 2010 kwamba mafuta ya kidole yanayobaki kwenye kioo yanaweza kuufichua.

Kuhusu kubadilisha nambari kila mwezi, desturi inayopendwa na ofisi nyingi, naomba iachwe. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuipendekeza katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kwa sababu watu wanaolazimishwa kubadilisha huongeza tarakimu moja mwishoni au huandika mahali. Ibadilishwe kukiwa na sababu: tableti imepotea, mtu mwingine ameiona nambari, au mwenyewe ana shaka.

Kinachostahili nguvu zaidi ni kusahau. Mtu atasahau nambari yake, hasa aliyetoka likizo, na hapo ndipo utaratibu mzima unaporomoka. Ikiwa anayeweza kumsaidia ni fundi aliye Nairobi anayepatikana siku za kazi pekee, jibu la karani litakuwa kuazima nambari ya mwenzake, na mwezi mmoja baadaye hakuna anayejua ni nani ni nani. Uwezo wa kumrejesha mtu uwe hapo hapo kazini, mikononi mwa msimamizi wa zamu. Lakini msimamizi asiweze kuiona nambari ya mtu. Ampe ya muda, itumike mara moja, kisha mfumo umlazimishe mwenyewe kuchagua nyingine. Msimamizi anayejua nambari za wote anarudisha tatizo pale pale lilipoanzia, na zaidi ya hapo anajiweka yeye mwenyewe kwenye shaka kila kitu kikipotea.

Zahanati zina ugumu wa ziada, usiku. Muuguzi mmoja yuko zamu, mama ameletwa na pikipiki akivuja damu, na tableti imejifunga baada ya majaribio matano. Kufuli inayomzuia muuguzi asione historia ya mgonjwa saa nane za usiku ni hatari kuliko inayoweza kufunguliwa. Nashauri mambo mawili. Kifaa kijifunge kwa dakika chache, kisifungwe moja kwa moja. Na kuwe na nambari ya dharura ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa, ikae kwenye kabati la dawa lenye kufuli. Atakayeifungua anaandika jina, saa na sababu, na asubuhi nambari hiyo inabadilishwa. Hakuna teknolojia hapo, na inafanya kazi hata umeme ukikatika.

Kwa upande wa pili, hakuna mahali ambapo uzito wa jambo hili ni mkubwa kuliko kwenye zahanati. Kanda hii ina historia ndefu ya rekodi za afya za kompyuta. Mosoriot, kituo cha afya karibu na Eldoret, kilikuwa na mfumo wake mwaka 2001, na kazi iliyoanzia pale ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu inayotumika sasa katika nchi nyingi. KenyaEMR, inayotumika katika kliniki nyingi za VVU nchini, imejengwa juu yake. Kaunti za Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori ndizo zenye viwango vya juu zaidi vya maambukizi nchini, na vijijini watu wanajuana hadi ukoo. Siri inayotoka kwenye tableti ya zahanati haiendi mbali, inaenda kwa shemeji. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU inalinda siri ya hali ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Data ikivuja kwa namna inayohatarisha wenyewe, mwajiri ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Atamweleza nini ikiwa kumbukumbu zinasema faili ilifunguliwa na "Zahanati"? Na muuguzi aliyetunza siri miaka yote atajiteteaje mama akija analia kwamba habari zake ziko sokoni?

Kuna wanaosema kufungua kwa alama za vidole badala ya nambari kutamaliza haya yote. Kwa kazi za kanda hii sina imani hiyo. Vidole vya mchuma chai wa Kericho au mfanyakazi wa banda la maua Naivasha vimechubuka, na kifaa hukataa kuvisoma. Aidha, alama za vidole ni data nyeti kisheria, na ikivuja huwezi kumpa mtu kidole kipya. Kadi ya kugusisha, pamoja na tarakimu nne, ni bora pale biashara inapoweza kuinunua.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni wanaoondoka. Vibarua wa msimu wa maua kabla ya Februari 14, wanafunzi wa mafunzo ya kazini wa miezi mitatu, karani aliyehamia tawi lingine. Akaunti ifungwe siku ile ile ya mwisho, na aliyekabidhiwa kazi ya kuifunga ajulikane kwa jina. Akaunti ya aliyeondoka isipewe mgeni. Nimekuta "Karani 2" iliyopitia mikononi mwa watu kadhaa, na kilo za mwaka mzima zilizoandikwa humo hazina mwenyewe. Wenye kazi mashambani wakumbuke pia kwamba tableti isiyo na mtandao haijui kwamba fulani ameachishwa. Inaendelea kumpokea mpaka iwasiliane na seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo. Kwa hiyo iwekewe sharti: ikikaa bila kuwasiliana kwa saa 24, au kipindi chochote kinacholingana na mtandao wa eneo hilo, iombe msimamizi.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko lile la gharama. Wafanyakazi wengine hawataki nambari binafsi kwa sababu wanajua itatumika kuwapima: dakika ngapi bila kubonyeza, nani alienda msalani mara ngapi. Hofu hiyo ina msingi, na wenye mamlaka wasiipuuze. Kumbukumbu ziwe za kazi iliyofanyika, yaani nani aliandika nini na saa ngapi, si za kufuatilia pumzi za mtu. Kabla ya kuanza, wafanyakazi waambiwe kinachohifadhiwa, kwa muda gani na nani anakiona. Hilo sheria ya 2019 inalidai tayari, si hisani ya mwajiri.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 26, inampa mtu haki ya kuona taarifa zake zilizo mikononi mwa mwingine. Kumbukumbu za nambari yangu ni taarifa zangu. Karani anayeitwa ofisini kuhusu kilo zilizopungua ana haki ya kuomba, kwa maandishi na kabla ya kikao, orodha ya kila kitu kilichoandikwa kwa jina lake siku hiyo na saa zake, aende nayo pamoja na mwenzake wa kazi ambaye kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamruhusu kuja naye. Vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika vya maziwa viliingize hilo kwenye mikataba ijayo, kwa maneno hayo hayo.